Isukuti Haitenganishwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mideva alifagia karakana ya babake. Alikusanya vumbi la mbao na vipande vya magome, akavitia kwenye gunia la kuwashia jiko, kisha akazipanga ngoma zilizokauka kando ya ukuta, tatu tatu, jinsi babake alivyotaka. Ilikuwa kazi yake ya kila siku na alizoea kuifanya huku akiimba. Jumatano hiyo hakuimba. Alifagia kwa hasira mpaka vumbi likamwingia babake machoni.

"We Mideva, hiyo fagio imekukosea nini?" babake, Shitanda, akauliza huku akijifuta uso kwa shati.

"Hakuna kitu, baba."

Kulikuwa na kitu, tena kikubwa. Siku iliyotangulia, katika somo la kompyuta, Mideva alikuwa amechekwa na gredi ya saba nzima. Kwa majuma mawili alikuwa amewaringia wenzake kwamba babake anatengenezewa tovuti, na kwamba watu wa dunia nzima wataziona ngoma zake. Basi Mitchel, ambaye huketi naye dawati moja, akaifungua tovuti hiyo kwenye kishikwambi cha shule. Ikatokea picha ya ngoma nene iliyosimama kwa miguu mitatu, na mtu mwenye manyoya kichwani akiipiga kwa fimbo mbili.

"Mideva, baba yako alihamia nchi gani?" Mitchel akauliza. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akalazimika kugonga meza ili watulie.

Watoto wa Lurambi wanaijua isukuti, ngoma ya kwao. Wameiona harusini, matangani na kwenye mechi za mpira. Isukuti haina miguu na haipigwi kwa fimbo. Huning'inizwa begani, ikabanwa kwapani, ikapigwa kwa viganja. Na haiendi peke yake. Huwa tatu: baba, mama na mtoto, na kila moja ina sauti yake. Shitanda alifundishwa kuzichonga na babake huko Shinyalu kabla hajahamia Lurambi, na tangu azaliwe Mideva hakuwahi kumwona akichonga kitu chochote chenye miguu.

Aibu ya darasani ilimuuma, lakini kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Mwezi wa Agosti yangefanyika maonyesho ya utamaduni mjini Kakamega, na kamati ingemchagua fundi mmoja tu wa ngoma asimame pale na kazi yake mbele ya walimu wa muziki kutoka kote nchini. Kila fundi alitakiwa kutuma anwani ya tovuti yake kufikia Ijumaa, kamati ifungue na kuchagua. Shitanda alikuwa amesema wazi mbele ya familia yake kwamba nafasi hiyo ikimpita, ataifunga karakana na kwenda Lugari kulinda ghala la mahindi la mtu. Wateja walikuwa wamepungua. Siku hizi hata harusini watu wanakodi spika. Mideva hakutaka babake aende kulala kwenye ghala la mtu, wala hakutaka kuamka asubuhi moja asisikie sauti ya patasi.

Na sasa tovuti yenyewe ndiyo hii, ya manyoya na fimbo. Aliyeitengeneza ni Priscah, msichana wa mjini ambaye mama alimfahamu kanisani. Mideva alimkasirikia Priscah njia nzima ya kwenda shule, akamkasirikia katika somo la hesabu, akarudi nyumbani akiwa bado amemkasirikia.

Jioni hiyo alikuja Osiako, babake mdogo, akiwa na simu yake yenye kioo kikubwa. Osiako alikuwa mpigaji wa isukuti, mtu wa maneno mengi na miwani ya jua hata siku za mvua.

"Kaka, websaiti yako imetoka," akasema. "Hebu ona."

Shitanda akapangusa mikono, akaishika simu. Ile picha ya kwanza aliipita upesi, kwa maana alikwisha kuiona siku Priscah alipowatembelea, kabla haijatolewa kwa watu, akaficha uchungu wake. Lakini Osiako aliposukuma kioo kwa kidole, zikatokea ngoma tatu zilizochorwa, kila moja kwenye kisanduku chake, kila moja na kitufe chake cha kununulia. Baba juu, mama katikati ya ukurasa, mtoto chini kabisa, mbali na wenzake.

"Hii ni nini?"

"Ni duka, kaka. Mtu akitaka mama peke yake, anafinya hapa."

"Mama peke yake?" Shitanda akainuka. "Nani anauzanga mama peke yake? Mtoto abaki na nani? Hizi ngoma mimi nazitoanga kwa gogo moja ndio zisikizane. Ukitoa moja, zile mbili zinabaki kelele tu. Baba yangu akiona hii atatoka kaburini anichape na huu uzee wangu."

Akaitupa patasi kwenye rundo la magome. Mideva hakuwa amemwona babake akitupa kifaa cha kazi hata siku moja.

"Huyo msichana ni mwizi. Anakula kazi ya watu na hajui kazi. Mideva, mwandikie aifute yote leo. Afadhali kamati isione kitu kuliko ione hii aibu. Mimi nitaenda Lugari."

"Na rangi niliyomwambia hajaweka," Osiako akaongeza kuni kwenye moto. "Nilimwambia nyekundu."

"Juzi ulisema njano," Mideva akamkumbusha.

"Nilibadilisha mawazo. Mtu haruhusiwi?"

Mideva alitaka kupiga kelele pamoja nao, maana hasira alikuwa nayo ya kutosha. Lakini babake alipotaja ngoma kuuzwa moja moja, aliinama kuiokota patasi. Kulikuwa na jambo alilolijua. Kazi ya kuandikiana na Priscah ilikuwa yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwepesi wa simu pale nyumbani, akitumia ya mama. Siku moja Priscah alikuwa ameuliza: je, ngoma hizi huuzwa moja moja au zote pamoja? Wakati huo Mideva alikuwa uani kwa kina Mitchel, zamu yake ya kuruka kamba imekaribia. Hakutaka kwenda kumwuliza babake. Hakutaka pia Priscah adhani kwamba mtoto wa fundi hajui mambo ya karakana. Akajibu upesi, "Moja moja," akairudisha simu mfukoni, akaruka kamba.

Aliisukuma kumbukumbu hiyo mbali. Na kadiri alivyoisukuma, ndivyo alivyozidi kumkasirikia Priscah.

Mamake, Rachael, aliingia na kikapu cha sukuma wiki akawakuta wamesimama, kila mmoja na lawama yake. Aliwasikiliza mpaka wakaishiwa na pumzi.

"Sasa haya yote," akauliza, "nani amemwambia Priscah?"

Osiako akavua miwani, akaanza kuipangusa. Rachael akaendelea:

"Alikuja hapa. Alikaa kwenye hicho kiti. Akatuonyesha hiyo picha kwa kompyuta yake, akauliza kama kuna kitu cha kubadilisha. Mlimwambia nini?"

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha mambo. Priscah alipokuja mara ya kwanza, Shitanda alimchinjia ingokho, jogoo mwenyewe wa kienyeji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, mtu aliyekula kuku wako haambiwi neno baya akiwa bado anajipangusa midomo. Unamshukuru, unamwuliza habari za kwao, unamsindikiza mpaka barabarani. Akishapanda pikipiki ndipo unarudi nyumbani kusema unayotaka kusema. Ni adabu nzuri sana kwa shangazi aliyekuja kukujulia hali. Kwa mtu anayekufanyia kazi ni hasara tupu. Siku ile Shitanda aliiona ngoma ya miguu mitatu, ikamchukiza, akatazama mifupa ya kuku kwenye sahani ya mgeni, akasema, "Iko sawa kabisa, msichana wangu. Kazi nzuri." Osiako akasema iko sawa. Mideva akasema ni nzuri sana. Priscah akaondoka akitabasamu, na pikipiki ilipokata kona tu, wote watatu wakaanza kulalamika.

"Ningemwambiaje na kuku iko kwa tumbo?" Shitanda akasema, lakini kwa sauti ya chini sasa.

"Basi usimwite mwizi," Rachael akajibu, akaenda jikoni kuinjika obusuma, ugali wa jioni.

Mideva hakumfuata mamake. Alichukua simu, akaketi nyuma ya karakana, akaanza kuandika. Aliandika kwamba Priscah amewaharibia, kwamba amewafanya wachekwe, kwamba hajui kazi, kwamba ni mwizi, na kwamba baba anataka tovuti ifutwe. Akatuma kabla hajaisoma. Kwa dakika chache alijisikia vizuri, akawa amepumua. Kisha jibu likaja.

"Sawa. Kesho jioni nitaifuta. Lakini kabla sijaifuta, njooni ofisini mnieleze kosa ni lipi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia."

Mideva alimpelekea mamake simu, akijua kwamba atasoma pia alichoandika yeye. Rachael alisoma vyote viwili. Hakugomba. Alimtazama tu kwa muda mrefu kuliko Mideva alivyopenda.

"Kesho ukitoka shule tutaenda mimi na wewe," akasema.

Ofisi ya Priscah ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu vya mitumba. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza, kompyuta, viti vitatu na feni isiyozunguka. Priscah mwenyewe, aliyezaliwa na kulelewa upande wa Lugari katika familia ya Wakalenjin, alikuwa mtu wa kucheka kila mara. Siku hiyo hakucheka. Aliwakaribisha, akawapa viti, akabaki amesimama.

"Mama Mideva, nakuheshimu, kwa hivyo sitazunguka," akasema. "Nimekasirika. Nimekasirika tangu jana. Hiyo kazi nimeirudia mara nne bila kulalamika, halafu mtoto ananiita mwizi. Mideva, mimi nimeiba nini?"

Mideva alikuwa amejiandaa kukasirika, na hasira ilikuja. "Anti, umeweka ngoma ambayo si yetu. Ina miguu. Wanafunzi wote wamenicheka."

"Siku ile kwenu nilisema nini kuhusu hiyo picha?"

Mideva akavuta mkono wa sweta yake. Alikumbuka vizuri. "Ulisema ni ya kushikilia nafasi tu. Mpaka tukuletee zetu."

"Mlileta?"

"Baba mdogo alikutumia picha."

"Alinitumia picha yake akiwa na miwani, ameegemea pikipiki. Hakuna ngoma hata moja hapo." Priscah akavuta kiti, akaketi sasa. "Nikakungoja. Nikakuandikia nitumie picha za ngoma, ukanijibu, 'Fanya ivutie, anti.' Nikauliza rangi, ukanijibu, 'Weka rangi ya kuvutia.' Rangi ya kuvutia ni gani, Mideva? Ng'ombe anavutiwa na kijani. Baba yako mdogo akaniambia nyekundu, nikaweka nyekundu. Kesho yake akasema njano, nikaweka njano. Kesho yake tena nyekundu, nikaiacha njano. Baba yako nikampigia, akaniambia yote iko sawa, Mungu anibariki. Sasa juma hili mkaniambia siku imefika, niitoe tu watu waione. Nikaitoa na nilichokuwa nacho. Ningejuaje kwamba ndani ya nyumba mnanung'unika?"

Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimuudhi Mideva zaidi. Alitafuta jambo la mwisho la kumtupia.

"Lakini umetenganisha ngoma. Mama kivyake na mtoto kivyake. Baba alitupa patasi."

Priscah akafungua mdomo ajibu. Halafu akaufunga. Alimtazama Mideva, akamtazama Rachael, kisha akainamisha macho mezani, akangoja. Angeweza kusema. Jibu alikuwa nalo, na angemtia Mideva aibu mbele ya mamake kwa neno moja. Mideva aliliona hilo waziwazi, na hapo hasira yake ikakosa pa kukaa.

"Ni mimi," akasema. "Anti aliniuliza, mama. Aliniuliza kama zinauzwa moja moja au pamoja. Nikasema moja moja. Sikumwuliza baba. Nilikuwa nacheza."

Rachael alivuta pumzi. "Na jana ulipokuwa unamwita mtu mwizi, hilo ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

"Mwambie pole."

"Pole, anti. Wewe si mwizi." Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa mkono wa sweta ya shule.

"Sawa," Priscah akasema. "Bado nimekasirika, lakini imepungua. Sasa niambieni, nifute au nisifute? Kesho ni Ijumaa."

Rachael aliinua mkono asubiri. Alitoa simu, akampigia mumewe, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza kuni: "Baba Mideva, kuja huku mjini sasa hivi. Kuja na ngoma tatu. Na kuja na hiyo hasira yako yote ya jana, usiache hata kidogo nyumbani."

Shitanda alifika kwa bodaboda, ngoma mbili mgongoni na moja mapajani. Alipopanda ngazi walisikia ngoma zikigonga ukuta. Akaingia, akavua kofia, akamwona Priscah, na papo hapo adabu ikamvaa tena.

"Hujambo, msichana wangu. Pole na kazi. Tunashukuru, umetusaidia sana..."

"Baba Mideva," Rachael akamkata. "Hapa hajala kuku yako. Sema kile ulisema jana."

Shitanda akaigeuza kofia mikononi. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kuchimba gogo la mvule. Akakohoa, akatazama feni, akatazama viatu vyake.

"Ni hiyo picha," akaanza polepole. "Haijakaa vizuri."

"Haijakaa vizuri vipi, mzee?" Priscah akauliza. Alikuwa amekwisha kuweka vidole kwenye kompyuta.

"Hiyo si isukuti."

"Tofauti ni gani?"

"Tofauti?" Shitanda akainua kichwa. "Unaniuliza tofauti? Hiyo inapigwanga na fimbo kama mtu anafukuza nyoka. Isukuti inapigwa na mkono. Hii, angalia." Akaivaa ngoma ya mama begani, akaibana kwapani, akaipiga kwa kiganja, na sauti ikajaa chumba kizima. "Mkono ndio unajua ngozi iko namna gani. Fimbo itajua nini?"

"Na kuuza moja moja?"

Hapo hasira ya Shitanda ikafunguka yote. Alieleza jinsi gogo moja linavyogawanywa, kwa nini mtoto anatangulia na mama anamjibu, kwa nini baba hupigwa kwa nafasi, na jinsi mwalimu mmoja alivyowahi kuja kutaka ngoma ndogo peke yake akamrudisha mikono mitupu. "Mimi sitenganishi mama na mtoto," akasema, akipiga meza ya watu kwa kidole. "Mtu anataka kimoja, aende akanunue sufuria. Na hiyo rangi ya njano ni ya soda. Ngoma ni mti, iweke rangi ya mti."

Priscah alikuwa akiandika mbio. Mideva alidhani mwanamke yule atakasirika tena, maana babake alikuwa akisema maneno makali kuliko yale ya ujumbe. Lakini Priscah alikuwa ameanza kuchangamka. Alikatiza mara kwa mara kuuliza kwa nini, na kila Shitanda alipojibu kwa ukali, aliitikia kwa kichwa na kuandika. Kisha akasimama na kamera, akamwomba asogee karibu na dirisha.

"Usitabasamu, mzee," akasema. "Endelea kukasirika hivyo hivyo. Uko sawa."

Alimpiga picha akiwa na ngoma kwapani na kidole hewani. Alizipiga picha ngoma zote tatu zikiwa pamoja. Wenye duka la viatu wakapanda kuangalia kelele ni za nini, wakabaki mlangoni wakitikisa mabega kama wachezaji wa isukuti. Priscah aliporudi kwenye kiti alishusha pumzi ndefu.

"Mzee, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu siku ya kwanza. Ungeniambia haya siku ile, tusingefika hapa."

"Nilikuwa naogopa nikukosee heshima."

"Heshima ni kunisaidia nisikosee. Mimi natoka Lugari. Kwetu Wakalenjin hakuna isukuti. Kazi ya kompyuta naijua, lakini ngoma zako siwezi kuzijua mpaka unieleze."

Wakakubaliana pale pale. Maneno ya nyumba ile yangetoka kwa mtu mmoja, naye ni Shitanda. Osiako akiwa na rangi yake, amweleze kaka yake. Mideva angeendelea kuandika, ila kila alichoandika angekisoma mbele ya babake kabla hajakituma, na swali lolote la Priscah angelipeleka karakanani, hata kama zamu yake ya kamba imefika. Halafu Priscah akageuza kompyuta ili wote waone, akaanza kubadilisha. Shitanda alisimama nyuma yake akisema hapana, hapana, ndiyo, hapo. Kabla ya giza kuingia, mtu mwenye manyoya alikuwa ameondoka, na mahali pake alikuwapo Shitanda dirishani, amekasirika vizuri kabisa. Chini ya picha ya ngoma tatu kulikuwa na kitufe kimoja tu, na juu ya kitufe hicho Priscah aliandika maneno yale yale aliyoyasikia: Mimi sitenganishi mama na mtoto.

Ijumaa asubuhi wakatuma anwani. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Mideva. Kila simu ya mama ilipolia aliacha kazi akakimbia kusikiliza, na kila babake alipozungumzia Lugari alihisi kwamba ni yeye aliyempakia mzigo. Shuleni alimwambia Mitchel ukweli, kwamba kosa la ngoma kutenganishwa lilikuwa lake na kwamba Priscah hakuwa na hatia. Mitchel akacheka tena, lakini kicheko cha rafiki, kisha akaifungua tovuti na kuwaonyesha wengine. "Huyu sasa ndiye baba ya Mideva," akasema. "Hata shuleni akija anakuwanga hivyo."

Simu ilikuja juma lililofuata, Shitanda akiwa anakwangua ngozi. Mama mmoja wa kamati alimwambia kwamba tovuti nyingi walizofungua zilisema maneno mamoja, ngoma bora, bei nafuu, karibuni wote. Moja tu ndiyo iliyowafanya wasimame na kubishana, wakatamani kumwona mwenyewe. Nafasi ya fundi wa ngoma ilikuwa yake. Shitanda akashukuru, akakata simu, akarudi kukwangua ngozi. Baada ya muda aliita kwa sauti ya juu kwamba wachinje jogoo, na Priscah aitwe.

Jumapili baada ya kanisa Priscah akaja. Akapewa kile kiti alichokalia mara ya kwanza, akapakuliwa obusuma na paja la kuku. Osiako alikuwepo na miwani yake, akila kimya kwa mara ya kwanza. Walipokuwa katikati ya chakula, Priscah akatoa simu, akawaonyesha picha mpya alizoziongeza.

"Mnaonaje?" akauliza. "Kuna kitu cha kubadilisha?"

Osiako akasimamisha mkono juu ya sahani. Mideva alimtazama babake. Shitanda aliangalia simu, akaangalia sahani ya mgeni, ambayo mfupa wake ulikuwa bado una nyama.

"Kuna," akasema. "Mtoto umemweka pembeni. Hapa tunamwekanga katikati, mama huku na baba huku. Akikaa pembeni ni kama amefukuzwa."

Priscah alitafuna kwanza, akameza. "Asante, mzee. Nitarekebisha leo leo." Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Jioni, Mideva na mamake walipokuwa wakiosha vyombo, Rachael alisema lile alilokuwa amelihifadhi tangu siku ya ofisini.

"Kukasirika si kosa, mwanangu. Baba yako alikasirika na alikuwa na haki. Kosa letu ni kwamba hasira yetu kwa Priscah tuliisemea huku nyuma ya karakana, mahali ambapo haiwezi kurekebisha kitu. Mtu akikufanyia kazi, mwambie ukweli akiwa bado anaifanya. Mwambie ni nini hakifai na ni kwa nini, bila kumtukana. Na wewe ukiulizwa jambo hulijui, sema hujui, uende ukaulize. Ulitaka kuonekana unajua, karibu umpeleke baba yako Lugari."

"Ndiyo, mama."

"Haya, kausha hizo sahani."

Asubuhi iliyofuata Mideva alifagia karakana akiimba. Akazipanga ngoma kando ya ukuta, tatu tatu. Alipofika kwenye tatu za mwisho akajiuliza ngoma ya baba hukaa mkono gani, wa kulia au wa kushoto. Siku zote alikuwa akikisia tu. Akaweka ufagio chini, akaenda kumwuliza babake.